Glasi ya Dodoma kwa ajili ya Mama Sita

Jumamosi saa mbili usiku, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, mezani kuna glasi nne na kila moja ina mvinyo wa vidole viwili tu, na kwenye skrini watu kumi na saba wananusa. Wananusa kweli, pua ndani ya glasi, macho wamefumba, hakuna anayeongea. Mmoja yuko Mwanza na jenereta ya jirani inanguruma nyuma yake, watatu wako Nairobi sebule moja, kaka yetu mmoja yuko Ujerumani kavaa sweta, dada yuko Toronto ambako bado ni mchana kabisa. Kisha yule wa Mwanza anavunja ukimya: "Jamani, hii inanukia zambarau." Basi, hapo ndo kikao kinafunguka, kila mtu anataka kusema chake.

Watu wananiuliza sana hiki kitu tunachofanya ni nini hasa, kwa hiyo leo nakaa naandika yote. Tunaonja mvinyo pamoja mtandaoni, mvinyo wa mikoa yetu, zaidi wa Dodoma, na hela inayopatikana inaenda kwenye kituo kidogo kinachohifadhi mbwa, paka na punda walioumia au waliotupwa. Kwa maneno ni jambo dogo.

Lilianza na mbwa. Nilikuwa nimeenda likizo nyumbani Dodoma, na pale kwenye genge ninaponunua mboga kulikuwa na mbwa jike wa rangi ya udongo amejifungulia chini ya mkokoteni mbovu, watoto sita, mama ntilie wa pale akawa anamwita Mama Sita na kumtupia ukoko wa ugali. Tatizo alikuwa anatokwa damu kwa nyuma, kila siku, matone matone, na watu walishamtungia maneno, wengine wanasema ana gonjwa la kuambukiza watu, wengine wanasema ni mkosi, watoto wakitoka shule wanamrushia mawe. Nikampigia mtu wa dawa za mifugo mjini akaniambia yeye hashughuliki na mbwa koko, nimletee ng'ombe au mbuzi. Siku ya tatu ndo mtu akanielekeza kwenye kituo, nje kidogo ya mji, mabanda machache ya mabati na wavu, mama mmoja na vijana wawili, na daktari wa mifugo anayepita mara mbili kwa wiki.

Daktari alimwangalia dakika tano akajua. Kumbe kuna kansa ya mbwa inayoambukizwa wakati wa kupandana, yaani seli zenyewe za uvimbe zinahama kutoka mbwa mmoja kwenda kwa mwingine na kuota huko. Binadamu haimpati. Mbwa wa mitaani ndo inawatesa zaidi kwa sababu hakuna anayewahasi na hakuna anayewachunguza. Na inatibika vizuri tu! Hicho ndicho kilichoniuma. Dawa inaitwa vinkristini, sindano moja kwa wiki, mara nyingi wiki nne hadi sita, na uvimbe unanyauka wenyewe. Dawa yenyewe asili yake ni yale maua ya pinki na meupe ambayo nyumba nyingi huku kwetu yamepandwa mbele ya baraza, wala hakuna anayeyajali, yanaota hata kwenye nyufa za saruji. Mbwa anakufa polepole kwa ugonjwa ambao dawa yake ilitoka kwenye ua la barazani.

Ila ilibidi watoto waache kunyonya kwanza ndipo aanze sindano, halafu ahasiwe, halafu achanjwe kichaa cha mbwa, na wale sita nao wanataka dawa za minyoo, chanjo, na chakula kila siku. Nikalipa nilichokuwa nacho. Nikarudi Dar, na kila nikilala naliona lile banda.

Sasa, kuomba mchango. Kila Mtanzania anajua hali ilivyo, kuna harusi, kuna sendofu, kuna kipaimara, kuna msiba, kuna mgonjwa, simu ikilia unajua kuna kadi inakuja. Na grupu letu la tuliosoma pamoja lilikuwa na kidonda chake, mwaka mmoja tulichangia jambo na hela hazikufika zilikokuwa zinaenda, mtu tuliyemwamini akapotea hewani. Kwa hiyo nilipoandika habari ya Mama Sita walijibu wawili, wengine wakasoma wakanyamaza, na siwalaumu. Aliyetoa wazo ni kaka wa Ujerumani. Wakati wa korona mwaka 2020, yeye kafungiwa ndani, ofisini kwao walikuwa wanaonja mvinyo pamoja kila mtu yuko kwake na chupa yake mbele ya kamera, na mara moja wakakusanya hela ya kituo cha paka cha mji wao. Akanipigia akasema, usiombe, waite watu wafanye jambo pamoja, hela itakuja yenyewe. Akaongeza, na iwe Dodoma, mimi nimechoka kuulizwa huku kama kwetu mvinyo upo halafu nashindwa kuuelezea.

Hilo la mwisho ndo lilinishika.

Maana mimi mwenyewe nimekulia Dodoma, na nilikuwa siunywi mvinyo wa Dodoma. Nilikuwa nauona ni ule mtamu wa kuumiza kichwa, wa bei ya chini, unaouzwa dukani karibu na biskuti. Mgeni akija nanunua wa South. Halafu nikaanza kujiuliza, hivi sisi hili neno kienyeji tunalitumiaje? Kuku wa kienyeji bei yake juu kuliko wa kisasa, mtu anasafiri mpaka Singida kumfuata, anasifia mchuzi wake wiki nzima. Lakini mbwa wa kienyeji ni mawe, na mvinyo wa kienyeji ni aibu kuuweka mezani. Mtu ananunua mbwa wa kizungu kwa laki kadhaa, anateseka kwa joto, anaharisha kila mwezi, wakati yule wa rangi ya udongo aliyeishi na watu wa nchi hii vizazi na vizazi, anayevumilia jua na kula ukoko, amelala nje ya geti hana jina. Nikaona hivi vitu viwili ni kesi moja. Havijachunguzwa na mtu aliyekaa chini kwa utulivu akaviangalia.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza nikaenda kwa shangazi yangu Mpunguzi.

Mpunguzi ni kusini ya Dodoma mjini, njia ya Iringa, na shangazi ana ekari moja na nusu ya zabibu pale. Nimefika nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu kwa vile nimetoka Dar akanirudishia na ya kwetu ya Kigogo, "mbukwenyi", ili nisijisahau. Nikamwambia shangazi nataka unieleze zabibu kama hujawahi kuniona. Akacheka, akanipa jembe.

Zabibu Dodoma zililetwa na wamisionari Wakatoliki miaka ya 1950, misheni ya Bihawana, walihitaji mvinyo wa misa na walikuta nchi kavu yenye jua. Mvua inanyesha msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita mia sita, mahindi yanateseka, mtama unajitahidi, lakini mzabibu unafurahi kwa sababu ukungu hauna pa kuota. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, kwa hiyo mchana unaungua, usiku kunapoa, na zabibu inahitaji huo ubaridi wa usiku ili uchachu wake usiishe. Na hapa ndo kuna jambo ambalo kaka wa Ujerumani hakuamini mpaka nilipomtumia voisi ya shangazi. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, unaamka, unavunwa mara moja. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndo anayeulaza, anaunyima maji, anapogolea, halafu unachipua upya, ndo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na wa tatu, halafu tena mwezi wa nane na wa tisa. "Huu mti ni kama mtoto mdogo, mama," shangazi akaniambia, "usipomlaza mwenyewe halali."

Zabibu yake ni Makutupora nyekundu, jina la eneo lenye kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini ya mji. Ndo mbegu inayobeba mvinyo mwekundu wa Dodoma. Nyeupe wengi wanatumia Chenin Blanc. Huko Hombolo wapo waliopanda mpaka mbegu za Italia. Na sio kila mkulima anapeleka zabibu kiwandani, wengi wanauza kwa watu wanaokamua na kuchachusha kwenye matangi, na kinachotoka pale kinaitwa mchuzi. Mchuzi wa zabibu. Ndo neno lao, na viwanda vinanunua huo mchuzi kwa lita. Mara ya kwanza nilipowaambia watu wa grupu kwamba tunaonja kitu ambacho kilikuwa mchuzi kikawa mvinyo, walifikiri natania.

Shida yao kubwa ni soko. Zabibu ikiiva haisubiri. Mnunuzi asipokuja wiki hiyo ndege wanakula, nyuki wanakula, inayobaki inaoza mtini huku unaitazama, na shangazi ameshapitia misimu ya hivyo zaidi ya mmoja. Halafu mji unapanuka toka serikali ihamie, kila siku anakuja mtu anataka kununua shamba akate viwanja. Na alikuwa na punda, wa kumsombea maji ya kumwagilia miche, miaka tisa wako pamoja, akaibiwa usiku wakati ule ngozi za punda zina soko la kutengeneza dawa ya Kichina, hajaonekana tena. Shangazi akizungumzia zabibu anatumia mikono yote miwili. Akimzungumzia yule punda mikono inakaa mapajani. Mwezi wa pili mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda bara zima kwa miaka 15, na siku ile nilimpigia simu kumwambia, akanyamaza kidogo akasema haya, afadhali watakaobaki.

Nikarudi Dar na katoni mbili.

Jinsi tunavyofanya. Chupa ya mililita 750 ukiigawa kwenye vichupa vya mililita 100 unapata saba na inabaki ya kulamba. Nikanunua vichupa vya kioo vyenye kifuniko cha kukaza, nikavichemsha, nikajaza mpaka shingoni kabisa, maana adui wa mvinyo uliofunguliwa ni hewa, ukiacha nafasi ndani ya kichupa unafika kwa mtu umeshapoteza harufu na una uchachu wa siki. Vikajazwa Alhamisi, vikakaa kwenye friji, Ijumaa vikaenda kwa basi na bodaboda, Jumamosi vikaonjwa. Boksi moja la kwenda Arusha lilifika limevunjika lote, watu watatu wakatazama tu wenzao, toka hapo kila kichupa kinavaa soksi. Soksi za watoto za mtumba. Zikifika huko wanazirudisha au wanazipeleka kituoni, zinatumika kufunga vidonda vya miguu.

Kila mtu analipa elfu arobaini. Elfu kumi na tano ni mvinyo na usafiri, elfu ishirini na tano inaenda kituoni, na haipiti mkononi kwangu wala kwa mtu yeyote wa grupu, kila mtu anaituma mwenyewe kwenye namba ya kituo na anabandika meseji ya muamala kwenye grupu, halafu mwisho wa mwezi mama wa kituo anatuma picha za risiti, dawa kiasi gani, dona kilo ngapi, dagaa ndoo ngapi. Anayesimamia hesabu ni mwenzetu mmoja aliyeacha pombe miaka mingi iliyopita baada ya kumharibia mambo mengi, na mwanzoni niliogopa kumkaribisha, yeye ndo akanifuata. Akasema nyie mnaonja, mimi nahesabu, na nikiona mtu anajaza glasi namtoa. Anamtoa kweli. Tuna ndoo za kutemea, kila mtu na yake, na kutema sio dharau, ukimeza glasi nne ya mwisho huionji tena unainywa tu.

Walioko nje hawapati wa Dodoma, kwa hiyo wanaleta wa mkoa wanaoishi. Nairobi walileta Leleshwa, wa kule Naivasha kwenye Bonde la Ufa, na siku hiyo tukaonja pande zote mbili za mpaka, mzozo wake uliendelea kwenye grupu wiki nzima. Kaka wa Ujerumani alileta Riesling, mvinyo mweupe wa bonde la mto Mosel, akatuonyesha picha za mashamba yenye mteremko mkali mpaka unaona kizunguzungu, ardhi yake vipande vya mawe bapa meusi yanayotunza joto la mchana. Dada wa Toronto alileta mvinyo wa barafu wa Niagara. Huko zabibu wanaziacha mtini mpaka baridi ifike nyuzi 8 chini ya sifuri, zigande kama mawe, ndipo wanavuna usiku na kuzikamua zikiwa zimeganda hivyo hivyo, maji yanabaki barafu, unatoka utamu mtupu kidogo sana. Nilipomsimulia shangazi aliniuliza mara tatu. Wanaziacha kwa makusudi? Na ndege hawali? Wanafunika nyavu, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema wale wana moyo.

Kwenye joto, somo la bure kwa wasomaji wa Dar na Mombasa. Wanakwambia mvinyo mwekundu unywe kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa hapo ni cha Ulaya, nyuzi kumi na nane au chini. Chumba cha Tabata mwezi wa kwanza ni nyuzi thelathini na kitu. Weka mwekundu kwenye friji nusu saa kabla, utashangaa, ile pombe inayopanda puani inatulia na tunda linatokea. Nina hakika nusu ya watu wanaosema mvinyo wa Dodoma ni mbaya wameunywa ukiwa wa uvuguvugu kwenye glasi ya plastiki.

Halafu maneno. Hapa ndo ninapopapenda kuliko pote. Kikao cha kwanza mtu mmoja alitafuta mtandaoni namna ya kuelezea mvinyo, akaanza kusoma habari za matunda ya porini ya Ulaya ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaweka mdomoni. Mtu wa Mwanza akamkatisha, akasema weka simu chini, wewe unasikia nini? Kimya. Kisha yakaanza kuja. Zambarau, ile iliyoiva sana mpaka inaacha rangi ulimini. Ubuyu. Ganda la tende. Mvua ya kwanza ikigusa vumbi. Karafuu kwa mbali. Mwekundu mmoja mkavu, yaani usio na utamu, wa Makutupora ulituzungusha robo saa kwa sababu ulikuwa unaacha kitu mdomoni, sio uchungu, sio uchachu, ulimi unakuwa kama umepigwa msasa, na dada mmoja wa Lindi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "si ukakasi huo, kama wa bibo." Ukakasi! Neno lipo, tunalo toka utotoni, la ndizi mbichi na bibo, na ndilo hasa linalosema kile kitu kinachotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu nyekundu. Sasa hivi kwenye grupu mtu akisema mvinyo una ukakasi mzuri kila mtu anaelewa, na mvinyo mtamu wa bei ndogo niliokuwa nauonea aibu, mmoja wao tuliuonja bila kuambiwa jina, watu sita wakauchagua kuwa wa kwanza wa kushushia na kashata.

Kuna rafiki yangu wa Pangani yeye ni Mwislamu, hanywi, na toka siku ya kwanza hakosi. Analeta juisi yake. Anasema yeye alikuja kwa ajili ya paka, kwao paka ni mtu wa nyumbani, lakini kwenye kisa cha Mama Sita alitoa kabla yangu, akatukumbusha ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake kwa sababu ya kiu aliyomwona nayo, akasamehewa. Usiku mmoja yeye ana juisi ya ukwaju, sisi tuna mweupe wa Chenin, na mtu wa Arusha akaona vipande kama vya sukari guru vimekaa chini ya kichupa chake, akaogopa, akadhani kioo kimemeguka. Daktari wa mifugo wa kituo siku hiyo alikuwa nasi kwenye skrini. Akasema sio kioo, ni chumvi ya asidi ya zabibu imeganda kwa ubaridi wa friji, asidi yenyewe inaitwa asidi ya tartariki, na ndiyo hiyo hiyo inayoupa ukwaju ule uchachu wake. Halafu akasema kitu ambacho wengi hatukuwa tunakijua. Zabibu ni sumu kwa mbwa. Mbichi, kavu, zote, zinaweza kumfelisha figo, na kwa miaka mingi haikujulikana kwa nini, mpaka mwaka 2021 madaktari wa wanyama Marekani walipounganisha kesi za mbwa waliokula zabibu na za waliokula ukwaju, wakaona kinachofanana ni hiyo asidi. Mbwa figo zake haziwezi kuitoa.

Nikanyamaza. Mimi nimekulia shambani kwa zabibu na mbwa. Nilikuwa nawatupia. Tulikuwa na mbwa mmoja, nikiwa na miaka kama tisa, akatapika siku mbili, akakaa hakojoi, akafa, tukasema karogwa na jirani, na nyumba zile mbili hazikusalimiana mpaka naondoka kwenda sekondari. Siwezi kujua kama ilikuwa zabibu. Lakini usiku ule ule nilimpigia shangazi nikamwambia makapi ya kukamulia yasimwagwe wazi, yafukiwe, na akawaambia majirani zake, sasa Mpunguzi kuna watu wanafukia makapi kwa sababu ya juisi ya ukwaju ya Pangani. Wewe unayesoma hapa, kama una mbwa, mfiche zabibu, hata zile za kwenye pilau na keki.

Hela ya kikao cha kwanza ilimaliza sindano za Mama Sita zote, ya pili ikamhasi yeye na wengine wanne. Huwa natamani watu waelewe kuhasi na kuchanja kunafanya nini, kwa sababu bado kuna maeneo jibu la mbwa koko ni sumu au risasi, na sheria ya ustawi wa wanyama tunayo toka mwaka 2008. Ukiua mbwa wa mtaa huu, wa mtaa wa pili wanahamia, jalala bado lipo. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kichaa kinakosa pa kupita, kinakatika. Mbwa aliyechanjwa na kuhasiwa ukimrudisha mtaani kwake anakuwa ndo ukuta wa watoto wale wale wanaomrushia mawe.

Watoto wa Mama Sita watatu wamepata nyumba, mmoja wao analinda duka la vipuri vya pikipiki, mmoja alikufa mapema kabla hatujajua nini, wawili bado wapo kituoni. Mama Sita mwenyewe hakutaka kurudi gengeni. Anakaa getini, mama wa kituo anasema akija mgonjwa mpya usiku yeye ndo anaenda kulala karibu na banda lake.

Kikao cha mwisho, mwezi wa tisa, baada ya mavuno, binamu yangu alimwekea shangazi simu kule Mpunguzi. Amevaa kitenge kipya na miwani. Nilikuwa nimempelekea kichupa kimoja kwenye soksi, mwekundu mkavu wa Makutupora, kutoka kiwanda ambacho mchuzi wake ulikuwa na zabibu za wakulima wa kule, zake zikiwemo. Miaka ishirini na mitatu analima. Hakuwahi kuonja. Kwao kanisani hawanywi, na mimi nilishamwambia si lazima, anuse tu, watu walikuwa wanamsubiri kwa adabu, hata wa Nairobi walizima muziki. Akanusa muda mrefu. Akaweka kidogo ulimini, akakaa nacho, akatema kwenye kikombe bila kuambiwa na mtu.

"Kumbe ndo hiki," akasema. Halafu akanusa tena. "Kinanukia shamba likinyeshewa."

Hakuna aliyeongeza neno. Yeye akasogeza uso karibu na simu, akitafuta mama wa kituo yuko kisanduku kipi kwenye skrini.

"Mama, na yule mbwa, bado anatoka damu?"

Mama wa kituo hakujibu kwa maneno, akainuka na simu yake, picha ikatikisika, giza, tochi, changarawe, halafu geti, na Mama Sita amelala kando yake kichwa juu ya miguu. Akafungua jicho moja. Akaufunga mwanga kwa kugeuka upande wa pili, na shangazi akacheka mpaka akavua miwani.